Wilbaro ya Ayeeyo

Fardosa alinipigia simu Jumatano akaniambia nisilete zawadi yoyote, nijilete mwenyewe tu, na goti langu nilibebe pia, maana alikuwa amesikia siku hizi linajibu kila ngazi. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na mmoja. Yeye alikuwa ng'ambo kwa wanawe, mimi Nairobi na ofisi yangu, na sasa amerudi Garissa, amejenga nyumba ya mawe palepale ilipokuwa nyumba ya mama yake. Nilifika Ijumaa baada ya swala. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, tukachekana unene, na alipokwenda kuangalia wali ndipo nikatazama huku na huku. Nyuma ya mlango kulikuwa na madumu mawili ya mchanga. Kwenye msumari palining'inia mkoba wa kitambaa. Na barazani, wilbaro ya kubebea simiti imeegeshwa ukutani, ndani yake mkeka umekunjwa vizuri. Nilicheka mpaka ikabidi niketi. Mjukuu wake Fardosa, msichana wa miaka kumi na mitatu anayeitwa Hibo, alinitazama kama mtu anayefikiria kumwita daktari. "Ayeeyo, hiyo ni wilbaro tu," aliniambia, na kwa kuwa ayeeyo ni bibi kwa lugha yetu, nikajua nimeshavuka mto, sasa na mimi ni bibi. Nikamwambia hapana, hiyo si wilbaro tu. Haya ndiyo niliyomsimulia, pamoja na machache niliyoyaruka kwa sababu bibi yake alikuwa amenikazia macho.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha nne, nimepelekwa Garissa kwa Habaryar Maryan, mdogo wake mama, nimalizie shule nikiwa karibu na walimu. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vya fito na mikeka, na penye matundu palizibwa kwa maboksi ya mafuta ya kupikia yaliyokunjuliwa, hivyo upande wangu wa kulala nilisoma jina la mafuta yaleyale kila siku mpaka nikalichukia. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake karibu na lango, na vyote vimezungukwa na ua wa matawi ya miiba. Asubuhi Habaryar alipika anjera kwenye kikaango cheusi, tukaila na mafuta ya simsim na sukari, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki, kisha akabeba madumu yake ya maziwa akaenda sokoni. Fardosa alikuwa binti yake wa pekee, alinizidi mwaka mmoja kwa umri na miaka kumi kwa maneno. Na kwenye godoro karibu na mlango wa chumba cha ndani aliketi Ayeeyo, mama wa mama zetu, tusbaha, ndiyo tasbihi, mkononi, magoti yamegoma kabisa. Alikuwa ametoka upande wa Hulugho, alikohamahama na ngamia maisha yake yote, na alipoletwa mjini kwa ajili ya magoti alikuja na tabia zake zote za huko. Kutoka pale godoroni aliweza kuona lango, jiko, pipa la maji na uso wa kila aliyeingia. Hakuna kilichompita, na mimi mwanzoni nilimwogopa.

Mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kimekaza, moto ulishika katika bulla ya jirani, bulla ni mtaa kwetu. Tulikwenda kuangalia kama watu wote. Safu nzima ya nyumba kama yetu ilikuwa imelala chini, majivu na fremu za vitanda tu, na mama mmoja ameketi juu ya sufuria iliyogeuzwa akisema yuko sawa, yuko sawa, watoto wote wapo. Tuliporudi Ayeeyo hakuuliza nyumba ngapi wala moto ulianzia wapi. Aliuliza, "Ulichukua muda gani?" Fardosa akamjibu kwamba watu wanasema ni muda wa kuchemsha chai. Kisha Ayeeyo akataka atolewe uani. Tulimshika mimi huku, Fardosa kule, tukamketisha kwenye kigoda, akaitazama nyumba ya binti yake kwa muda mrefu kama mtu anayekagua mnyama kabla ya kumnunua. "Nyumba hii haijui kuhama," alisema. "Tutaifundisha." Nilidhani ni maneno ya uzee, nikaenda kusoma Bayolojia.

Kesho yake baada ya swala ya alfajiri niligundua kwamba hayakuwa maneno. Alitutaka tufagie ardhi kuizunguka nyumba, hatua tatu kila upande, na si kufagia kwa kuonekana, bali kuondoa kila unyasi, kila karatasi, kila kinyesi cha mbuzi kilichokauka, mpaka mchanga ubaki mtupu. Tulifanya hivyo kila asubuhi mwaka mzima, na niliuchukia ufagio ule kuliko Hisabati. Ua wa miiba ulikuwa umegusa ukuta wa nyuma, ukarudishwa nyuma. Kisha akaamuru likatwe pengo upande wa nyuma, mbali na jiko, ambalo tuliliziba kwa tawi moja tu, jepesi, linalovutwa kwa mkono mmoja. Habaryar alilalamika kwamba mbuzi atatoroka. "Akitoroka amejua njia," Ayeeyo alimjibu. Pipa moja la maji likawa haliguswi hata kama chai imekosa maji. Madumu mawili yakajazwa mchanga. Vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha Habaryar, karatasi zangu za kujiandikisha kwa mtihani, vyote vikaingia mkoba wa kitambaa uliotundikwa msumarini, na sisi watu wa upande huu tunajua mtu asiye na karatasi anavyosumbuliwa, kwa hiyo hapo hakuna aliyebisha. Mwisho, Habaryar akatengeneza nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa, ikazamishwa kwenye samli ndani ya mkebe mkubwa. Hiyo ilikuwa ya dharura. Ilikaa rafuni ikinukia iliki, na ilitutesa.

Kila Alhamisi baada ya alasiri tulifanya zoezi. Ayeeyo aliketi kigodani uani na kutuelekeza jinsi alivyoelekeza watu wake wakati wa kuhama. Kwao, alisema, wanawake hubomoa nyumba nzima na kumpakia ngamia kabla jua halijapanda, na hawagombani kwa sababu anayepakia ni mmoja. Huyo ndiye mwenye sauti. Wengine wote, hata kama ni mama mkwe, ni mikono tu, na mzigo hauna maneno kabisa. Mwenye sauti ndiye anayejua nini kinakwenda kulia, nini kinakwenda kushoto, ngamia asilemewe upande, na yeye huondoka wa mwisho, baada ya kuangalia chini kuona kama kuna kilichosahaulika. Kwa hiyo mpangilio wetu, niliouandika kwenye karatasi, ulikuwa hivi: karatasi kwanza, hiyo ya Fardosa. Mbuzi wa maziwa, mimi. Mkebe wa nyirinyiri na dumu la maji, Habaryar akiwepo. Tunatokea pengo la nyuma, tunakutana penye tangi la maji la bulla, tunahesabiana. Mara ya kwanza tulitumia muda ambao nyumba tatu zingekuwa zimeisha kuungua, na mbuzi akaniburuta mpaka kwa majirani. Fardosa alicheka akaanguka na karatasi zote. Lakini kufikia mwezi wa nne tulikuwa tunatoka kabla Ayeeyo hajamaliza duru moja ya tusbaha, na lazima niseme ukweli, nilianza kuingojea Alhamisi.

Ule mkebe sasa. Lilikuwa wazo la Fardosa, na akibisha leo mbele ya mjukuu wake mimi nitaapa. Tuligundua kwamba ukitoboa samli pembeni kwa kijiko, unaweza kuchota nyirinyiri kutoka chini, kisha ukalainisha samli juu na mkebe ukaonekana kama haujaguswa. Tulikula wiki tatu, usiku mdogo mdogo, kila mmoja kijiko kimoja, halafu viwili. Alhamisi moja Ayeeyo akasema anataka kuona mizigo kwa mikono yake. Akaletewa dumu la maji, akalipima mkononi. Akaletewa mkebe. Akaushika, akaushusha, akaushika tena. "Maryan," alimwambia Habaryar, "upande huu ngamia wangu ataanguka." Alichukua jiwe, akaliweka juu ya mkebe, akatutazama mimi na Fardosa mmoja mmoja, na akaagiza zoezi liendelee, Fardosa abebe mkebe na jiwe lake. Alibeba jiwe lile Alhamisi nne mfululizo. Mimi nilipewa kukata nyama ya mkebe mpya, na sikuweza kumeza hata kipande kimoja kwa aibu, jambo lililomfurahisha Ayeeyo mpaka akapaliwa na chai.

Tatizo lilikuwa Ayeeyo mwenyewe. Katika mazoezi yote, tukishamaliza mizigo, tulirudi kumshika watu wawili au watatu na kumkokota mpaka pengoni, na hilo lilichukua muda kuliko mengine yote pamoja. Habaryar alitaka tuanze naye. Yeye hakutaka hata kusikia. Jirani yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ukambani, Mama Kasyoka, mwanamke mwenye sauti ya darasani hata akiomba chumvi, na alikuwa na wilbaro iliyobaki baada ya kujenga choo chake. Siku moja aliisukuma mpaka uani kwetu na kuisimamisha mbele ya kigoda. Ayeeyo alijua Kiswahili cha soko tu, p nyingi zikimtoka b na z zikimtoka s, na alikipenda kwa sababu hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

"Mama Kasyoka, hii gari ya simiti naleta ya nini?"

"Ya kukubeba, Ayeeyo. Moto ukija, hawa wasichana wanakuweka hapa, wanakimbia na wewe."

"Mimi?" Ayeeyo aliigeukia wilbaro, akaigonga kwa fimbo yake kama anayebisha hodi. "Mimi nabakia ngamia miaka sitini. Hakuna mtu nabakia mimi. Mimi hapana mizigo."

"Si mzigo, ni abiria," alisema Mama Kasyoka.

"Abiria nalipa. Mimi hapana lipa." Akageuka upande wetu na kuendelea kwa Kisomali. "Mwambieni ahsante. Wilbaro ibaki. Itabeba mikeka na sufuria."

Ikabaki. Akaifanya ngamia kabisa. Mkeka kwanza chini, kisha vitu vizito katikati, vyepesi kandokando, kamba hivi na si vile, na wakati wa kufunga alivuma taratibu wimbo wa kupakia wa kwao, bila maneno, kichwa kikitikisika. Tulimsihi aikalie mara moja tu kwa majaribio. Siku moja, nadhani tulimchosha, akakubali. Lakini akasema ngamia hupandwa akiwa amepiga magoti, basi wilbaro ipige magoti. Fardosa akainua mishikio juu, pua ya wilbaro ikainama mchangani, Ayeeyo akaketi kwa heshima zote na kutandaza shuka lake, Fardosa akashusha mishikio kwa haraka, na bibi yetu akabingirika mgongo chini miguu juu, akakwama humo kama kifaranga ndani ya kikombe. Tulikimbia kujificha nyuma ya jiko ili tucheke. Tulipotoka alikuwa bado amekwama, anacheka machozi, na anamwita Mama Kasyoka aje kuona abiria wake. Hata hivyo hakurudia tena.

Kwa nini, nilikuja kujua kwa kusikia yasiyonihusu. Kuta za mikeka hazina siri. Jioni moja baada ya magharibi nilikuwa nimeinama juu ya kitabu, na upande wa pili Habaryar alikuwa anamkanda mama yake magoti kwa mafuta ya simsim. Alikuwa anamsihi, kwa sauti ya chini, kwamba moto hausubiri mtu mwenye heshima zake. Ayeeyo akamwambia habari ambayo Habaryar mwenyewe hakuwa ameisikia. Alipokuwa msichana, moto wa nyika uliwajia kutoka kwenye nyasi ndefu za upande wa msituni, upepo ukiusukuma. Mama yake ndiye aliyekuwa anapakia. Alitoa watoto, alitoa ndama, alitoa nyumba yote juu ya ngamia wawili, na akabaki nyuma kuangalia chini kama desturi. Alitoka akiwa hai, lakini nyayo zake zilikuwa zimeungua, na hakutembea vizuri tena. "Hakuacha kitu," Ayeeyo alisema. "Hata kijiko. Mimi nitatokaje wa kwanza, nikae kwenye gari la simiti, na yeye alitoka vile?" Nilisikia mikono ya Habaryar ikiendelea kukanda. Mimi niliweka kitabu chini, na kwa mara ya kwanza niliogopa kweli. Si moto nilioogopa, bali Alhamisi ile ambayo haitakuwa zoezi, na bibi yangu amekaa pale anaangalia chini.

Ikaja mwezi wa nane. Shule zimefungwa, pepo za mchanga zinapiga tangu asubuhi, na rafiki yetu wa jirani anaolewa jioni. Habaryar yuko sokoni. Fardosa yuko kwenye foleni ya maji na madumu manne. Mimi nilikuwa na gauni jipya, jepesi, rangi ya embe bivu, la kwanza katika maisha yangu ambalo halikuwa limevaliwa na mtu mwingine, na nilitaka linukie uunsi kama magauni ya wanawake wakubwa. Kwa asiyejua, uunsi ni ubani wetu uliochanganywa na sukari na manukato. Unaweka makaa kwenye chetezo cha udongo, unanyunyiza uunsi, unafunika kwa kikapu kilicho wazi, na juu yake unatandaza nguo inywe moshi. Na kitu kimoja unachoambiwa tangu utotoni ni usiondoke hapo. Niliondoka, nikaviacha vyote penye mlango wa jiko. Nilikwenda ndani kwenye kioo kupaka wanja, nikapaka jicho la kulia, likatoka zuri, nikaanza la kushoto.

"Sahra," Ayeeyo aliniita kutoka godoroni. "Uunsi wako umebadilika harufu."

Nilipotoka mlangoni, kibanda cha jiko kilikuwa kinawaka. Upepo ulikuwa umepeleka pindo la gauni kwenye makaa, gauni limepeleka mikeka, mikeka imepeleka paa la maboksi, na lango lililokuwa ubavuni limeshaanza kushika. Nilipiga kelele moja tu, nikageuka ndani. Ayeeyo alikuwa ameshashika fimbo, ameketi wima, uso umetulia kuliko siku zote.

"Karatasi," alisema. "Kisha mbuzi. Kisha mkebe. Mimi nipo."

Mguu wangu ulianza kwenda msumarini. Nakumbuka vizuri, ulikwenda wenyewe, kwa sababu ya Alhamisi zote zile. Nikaona mkoba, nikamwona yeye, na nikajua kwamba nikiutii mpangilio wake nitatoka na karatasi, nitatoka na mbuzi, na nitakaporudi sitamkuta. Nilimwogopa sana yule mwanamke. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

"Ayeeyo, leo anayepakia ni mimi."

Alinitazama. Moto ulikuwa unalia nje kama watu wanaovunja kuni. Nilidhani atanipiga fimbo. Badala yake aliiweka fimbo chini, taratibu, akafunga mdomo, na akanyoosha mikono yake yote miwili juu kama mtoto anayetaka kubebwa. Mzigo hauna maneno. Nilimkumbatia nikamwinua, na kilichonishangaza, kinachonishangaza hadi leo, ni kwamba hakuwa mzito. Miezi yote ile tulimkokota watatu kwa sababu alikuwa anakataa kwa mwili mzima; alipokubali, dumu la maji lilimshinda uzito. Nilimweka kwenye wilbaro iliyokuwa nje ya mlango, juu ya mkeka wake, nikasukuma hadi pengoni, nikavuta tawi, tukatoka. Hatua kumi mbele gurudumu likazama mchangani. Nilisukuma, likazama zaidi. Nilisukuma huku nalia.

"Nina ruhusa ya kusema?" Ayeeyo aliuliza.

"Sema."

"Ngamia havutwi kwa kusukumwa nyuma. Zunguka umvute."

Nikageuza mgongo, nikashika mishikio kwa nyuma, nikavuta kama punda wa mkokoteni, na gurudumu likatoka laini. Tulifika penye tangi huku napiga kelele za moto, na Mama Kasyoka alikuwa ameshatoka kwake na ndoo mbili, kitenge kimefungwa kifuani, anawapanga wanaume wa bulla kwa ile sauti yake ya darasani. Waliingia kwa pengo letu. Wakakuta pipa lililojaa, mchanga umesubiri, na hatua tatu za ardhi tupu ambazo nilizifagia asubuhi ileile nikinung'unika. Moto ulikula jiko, ukala lango na upande mmoja wa ua, ukafika penye ardhi tupu ukakosa cha kukanyaga. Wakaumalizia hapo. Nyumba ilibaki imesimama, mikeka ya upande mmoja imebabuka, na jina la mafuta ya kupikia bado linasomeka.

Fardosa aliona moshi akiwa foleni. Aliacha madumu manne, akaja mbio, akaingia kwa pengo na kutoka na mkoba wa karatasi kifuani, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na hakuna aliyemwambia vingine. Mbuzi alitufuata mwenyewe, akasimama chini ya tangi akatafuna mkeka wa wilbaro. Habaryar alifika kutoka sokoni viatu mkononi. Hakuuliza kuhusu nyumba. Alimkuta mama yake ameketi kwenye gari la simiti katikati ya bulla nzima, anahesabu watu kwa tusbaha, na akapiga magoti akaweka kichwa mapajani pake.

Nilisema palepale, mbele ya wote, kwamba ni mimi. Niliacha uunsi. Nilikuwa nina wanja jicho moja, na lile lililopakwa lilikuwa limechuruzika mpaka kidevuni. Ayeeyo akaniuliza, "Gauni lilipata harufu lakini?" Fardosa ndiye aliyeanza, halafu Habaryar huku bado analia, halafu majirani, mpaka tangi zima likawa linacheka, na mimi nikacheka huku nimekufa kwa aibu. Sijapata kusamehewa hivyo tena, haraka na mbele ya watu.

Harusini tulikwenda. Ayeeyo alifungua sanduku lake, akanipa vazi lake la ujana, zito, lenye mistari myekundu, na akaniambia nisiliache peke yake. Kisha akasema magoti yanamuuma na njia ni ndefu, na kama ngamia hajachoka, angependa kupanda. Tulitandika shuka jeupe kwenye wilbaro. Tuliipigisha wilbaro magoti polepole mara hii. Tukavuta kwa zamu, mimi na Fardosa, na bulla nzima wakitoka malangoni, na Ayeeyo amekaa wima akiitikia salamu kulia na kushoto, amependeza kuliko bibi harusi. Wanawake wa harusi walituuliza huo ni uunsi wa wapi wenye harufu ya moshi namna ile. Fardosa akawaambia umetoka Dubai.

Wiki iliyofuata Ayeeyo alimwita Mama Kasyoka aje na kalamu. "Andika ile karatasi ubya," alimwambia. "Mwenye magoti mbaya, ya kwansa. Karatasi, ya bili. Mbusi, ya tatu." Mama Kasyoka akaandika kwa herufi kubwa za ubaoni, akauliza anayepakia aandikwe nani. Ayeeyo akafikiri. "Mwenye miguu," alisema. Karatasi hiyo ikabandikwa ukutani, juu ya jina la mafuta. Mwezi wa kumi na mmoja nilifanya mtihani wangu, na Ayeeyo aliishi miaka tisa zaidi, akafa usingizini, kwenye nyumba isiyowahi kuungua tena.

Nilipomaliza, Hibo alikuwa amekaa chini, kidevu juu ya magoti. Fardosa alisema sehemu ya nyirinyiri ni uongo mtupu. Tukanywa chai. Baadaye kidogo, jua likiwa limelegea, Hibo akasimama, akapiga makofi mawili, akasema leo tutafanya zoezi, maana kuna mgeni na mgeni hajui njia. Aliniongoza jikoni kwenye mtungi wa gesi, akanionyesha pa kufungia. Akanionyesha mlango wa nyuma. Ukutani palikuwa na karatasi yenye mwandiko wake, kwa kalamu ya rangi, na mstari wa juu kabisa ulikuwa bado haujakauka vizuri. Ulisema: Ayeeyo Sahra, goti. Nikarudi nyuma. Nikamwambia mimi natembea vizuri tu, nimetoka Nairobi kwa miguu yangu, nina kazi, nina funguo za gari, hiyo wilbaro awekee mikeka.

"Ayeeyo, wacha hizo," alisema Hibo. Aliisukuma wilbaro mbele yangu, akatandaza mkeka, akainua mishikio taratibu mpaka pua ikagusa chini. Fardosa alikuwa amejifunika mdomo kwa shela. "Leo anayepakia ni mimi."

Niliitazama ile sura yake ndogo, kali, isiyo na mchezo. Kisha nikanyamaza, nikanyoosha mikono yangu yote miwili juu.